Birria ya ng'ombe: kwa nini nyama ilibaki ngumu na mchuzi ukawa mchungu

Swali: "Hujambo mwalimu. Mimi ni mama kutoka Nairobi, na sasa ninaishi Houston, Marekani, nyumbani kwa kijana wangu. Wazazi wa mkaza mwanangu wanatoka jimbo la Jalisco, Meksiko, na mwezi ujao watakuja kututembelea kwa mara ya kwanza. Nataka kuwapikia birria, ule mchuzi wao wa nyama unaopikwa polepole, kwa hiyo nimeanza kujaribu mapema. Nilinunua kilo mbili za steki ya paja isiyo na mafuta. Pilipili kavu za guajillo nilizikaanga bila mafuta mpaka zikawa nyeusi, nikasaga tatu tu kwa kuogopa ukali, kisha nikaongeza nyanya ya kopo na bizari ya mchuzi ili upate uzito. Nilichemsha kwa moto mkali kwa saa moja na nusu. Nyama ilikuwa kama kamba, nikadhani nimeipitisha, nikazima moto. Mchuzi ulikuwa mchungu na una vipande vya maganda vinavyokwama kooni. Nilikosea wapi? Sufuria ya presha itanisaidia? Jirani amenipa chungu cha udongo kinachong'aa kutoka Meksiko na anasema ndicho kinacholeta ladha yenyewe, nikitumie? Naweza kupika usiku wa kuamkia siku ya wageni nikaiacha sufuria jikoni mpaka asubuhi? Na je, si aibu kuwapa ng'ombe badala ya mbuzi? Mjukuu wangu wa miaka miwili hataki mbuzi kabisa."

Jibu:

Shikamoo, mama. Ninaelewa uzito wa jambo hili, kwa kuwa kumpikia mkwe chakula cha kwao ni mtihani kuliko kumpikia chakula cha kwetu: pilau ikiharibika kidogo hatajua, lakini birria ikiharibika atajua kabla hajaketi. Habari njema ni kwamba makosa uliyoyaeleza yanatokana na mambo matatu tu, nayo ni namna ulivyoitazama pilipili, nyama uliyoichagua na namna ulivyoutazama moto. Ukiyarekebisha hayo, mwezi mmoja unatosha kabisa. Nitaanza na pilipili kwa sababu ndiko mpishi wa kwetu anakoteleza zaidi. (Na jina lenyewe lisikuchanganye na biriani, hakuna mchele hapa wala undugu wowote kati ya vyakula hivi viwili.)

Kwetu pilipili ni kiungo cha ukali. Mtu huweka moja au mbili, anayetaka zaidi hutafuna mbichi pembeni mwa sahani, na mchuzi hupata uzito wake kutoka kwa vitunguu na nyanya. Katika birria mambo yamegeuka, maana pilipili kavu ndiyo mboga yenyewe ya mchuzi. Pilipili hiyo ikisagwa ndiyo inayoleta uzito, rangi nyekundu iliyokolea, utamu wa mbali unaofanana na wa zabibu kavu, na ule uchachu mdogo unaomfanya mtu arudishe kijiko. Ulipoweka tatu tu ukajazia nyanya ya kopo na bizari ya mchuzi, ulipika mchuzi mzuri wa Nairobi ukauita birria. Nyanya huingia, lakini kwa uchache, na bizari ya mchuzi haina nafasi kabisa.

Hofu yako ya ukali inaeleweka, ila guajillo ni pilipili ya upole. Kwa kipimo cha Scoville, ambacho hupima ukali, guajillo huwa kati ya 2,500 na 5,000, na ancho, ile pana yenye mikunjo na rangi ya kahawia nzito, huwa kati ya 1,000 na 2,000. Linganisha na pilipili kichaa ya kwetu, ambayo hufika 50,000 na kupita. Kumbuka pia kwamba ukali haukai kwenye mbegu kama wengi tunavyoambiwa tangu utotoni. Unakaa kwenye utando mweupe unaozishikilia mbegu hizo, na mbegu huwa kali kwa sababu zimegusana nao tu. Ukikata kikonyo, ukapasua pilipili kwa mkasi na kutoa utando pamoja na mbegu, unaweza kusaga kumi na mbili na mtoto akala mchuzi wake bila kulia. Kwa watu wanane mimi hutumia guajillo kumi hadi kumi na mbili na ancho nne. Zile nyembamba nyekundu ziitwazo árbol ndizo kali kweli, na kwa sababu ya mjukuu ningeziacha kabisa, kisha nikaweka mchuzi wa pilipili kali pembeni kwa wanaoutaka.

Sasa uchungu. Pilipili kavu ina sukari na mafuta mepesi ya harufu, na ngozi yake ni nyembamba mno, kwa hiyo kwenye kikaango cha moto safari ya kutoka harufu nzuri hadi mkaa haimalizi dakika moja. Karanga huvumilia weusi kidogo, guajillo haivumilii. Weka kikaango kwenye moto wa wastani, bandika pilipili zilizopasuliwa chache chache, zikandamize kwa mwiko sekunde kumi hadi kumi na tano kila upande, na uzitoe mara tu zinapolainika, zinapobadilika rangi kidogo na kunukia. Moshi ukikufanya ukohoe, umechelewa. Zitupe uanze upya, kwa sababu uchungu wa kuungua haufutwi na sukari wala na chumvi. Mimi mwenyewe niliwahi kujaribu kuukoa mchuzi wa namna hiyo mbele ya darasa zima, kijiko cha sukari baada ya kijiko, na mwisho nikawa na mchuzi ulio mtamu na mchungu kwa pamoja, ambao hata mbwa wa jirani aliunusa akaondoka.

Baada ya kuzikaanga, ziloweke kwenye maji ya moto yaliyoondolewa jikoni kwa dakika ishirini. Yaonje maji hayo: yakiwa matamu, sagia hayo hayo, yakiwa machungu, yamwage utumie maji safi. Zisage pamoja na nyanya tatu na nusu kitunguu vilivyochomwa, punje sita za kitunguu saumu, kipande kidogo cha tangawizi, robo kikombe cha siki, karafuu tatu, kipande cha mdalasini cha urefu wa kidole gumba, nusu kijiko cha chai cha bizari nyembamba, kijiko kimoja cha pilipili manga na viwili vya oregano kavu. Ukienda kwenye duka la vyakula vya Kimeksiko hapo Houston, chukua oregano ya Meksiko, ambayo ni mmea tofauti na ile ya Ulaya na ina harufu kali zaidi. Kisha chuja. Hapa ndipo zilipotoka zile ngozi zilizokukwama kooni: ganda la guajillo ni gumu, na mashine ya nyumbani hulikatakata bila kulimaliza. Pitisha rojo kwenye chujio ukikandamiza kwa mgongo wa kijiko mpaka yabaki maganda matupu. Kazi hiyo inachosha mkono lakini haina njia ya mkato.

Tuje kwenye nyama, ambako ulifanya jambo la kawaida kabisa la mwenyeji kumkirimu mgeni: ulinunua nyama ya bei ya juu. Kwa mapishi haya, fedha hiyo ilikwenda upande usiofaa. Nyama ya ng'ombe ina nyuzi za misuli, na ina tishu ngumu zinazozifunga nyuzi hizo pamoja, ambazo sehemu yake kubwa ni protini iitwayo kolajeni. Vitu hivi viwili hupokea moto kwa namna zinazopingana. Nyuzi za misuli, zikifika nyuzi joto 60 hadi 70 hivi, hujikunja na kukamua maji yake, na kadiri joto linavyopanda ndivyo zinavyokauka. Kolajeni nayo huanza kuachia pole pole kuanzia karibu na nyuzi joto 70, na inapokaa kwa saa kadhaa kati ya 85 na 95 ndani ya unyevu, huyeyuka ikawa gelatini, yaani ule utelezi unaoufanya mchuzi wa makongoro ushike midomo na kuganda ukiwekwa kwenye friji. Gelatini hiyo ndiyo inayoziba pengo la maji yaliyokamuliwa. Nyuzi zimekauka kweli, lakini zimelala kwenye utelezi, na mdomo unahisi ulaini.

Ndiyo maana nyama ya kuchemshwa hupitia kipindi cha udanganyifu. Kati ya dakika arobaini na saa mbili huwa ngumu kuliko ilivyoingia, kwa sababu nyuzi zimekwisha jikunja ilhali kolajeni bado haijaachia. Wengi huzima moto hapo hapo wakiamini wameipitisha, kumbe bado hawajafika. Lakini sitaki kukupa tumaini la uongo kuhusu ile steki ya paja: kwa kuwa ina kolajeni kidogo na haina mafuta, hata ungeiacha saa nne ingechambuka ikiwa kavu. Nunua muundi wa ng'ombe uliokatwa na mfupa wake kilo moja na nusu, na mbavu fupi kilo moja. Muundi ndio unaotoa gelatini, mbavu ndizo zinazotoa mafuta. Shavu la ng'ombe na mkia pia ni bora sana ukivipata, ingawa bei ya mkia huko Marekani imekuwa ya kuogofya.

Kuhusu moto, kuna jambo moja ambalo huenda hukulifikiria. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi. Guadalajara, mji mkuu wa Jalisco, uko zaidi ya mita 1,500, na maji yake huchemka karibu na 95. Houston iko karibu sawa na bahari, kwa hiyo sufuria yako inayotokota kwa nguvu imefika 100. Tofauti hiyo ya nyuzi tano au sita inaonekana ndogo, lakini kwa saa tatu inakausha nyama na kuusukasuka mchuzi mpaka mafuta yanachanganyika na maji na kuufanya wa vumbi vumbi badala ya kuelea juu kama tabaka jekundu linalong'aa. Kwa maneno mengine, moto uliouzoea nyumbani ulikuwa unakulinda bila wewe kujua. Huko uliko, punguza mpaka uone povu moja moja likipanda pembeni mwa sufuria, na uso wa mchuzi ukitikisika tu.

Mpango wenyewe ni huu. Siku moja kabla, paka nyama chumvi gramu 25 hivi, yaani karibu vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa, pamoja na nusu ya rojo uliyochuja, uiweke kwenye friji. Usiamini kwamba rojo itapenya hadi kwenye mfupa. Chumvi husafiri ndani, lakini viungo vingine huishia milimita chache tu kutoka juu, na inatosha. Siku ya kupika, pasha mafuta kidogo kwenye sufuria nzito na ukaange ile nusu iliyobaki ukikoroga mpaka iwe nzito, rangi izidi kukolea na mafuta yaanze kujitenga, jambo ambalo mpishi yeyote wa kwetu analijua kwa macho bila kuangalia saa. Ingiza nyama na rojo yake, maji lita mbili, funika ukiacha mwanya mdogo, na uanze kuhesabu saa tatu na nusu. Ikiwa jiko lako halishuki vya kutosha, tumia oveni kwa nyuzi 150 za Selsiasi (karibu 300 kwenye oveni ya Marekani inayohesabu kwa Fahrenheit) ukiwa umefunika vizuri. Ndani ya oveni joto linazunguka sufuria pande zote na huhitaji kusimama kuilinda. Saa isikutawale lakini. Muundi umeiva pale mfupa unapochomoka kwa vidole viwili na uma unapozunguka ndani ya nyama bila ubishi.

Sufuria ya presha inafaa, na asikwambie mtu kwamba ni dhambi. Ndani yake joto hufika karibu 115 hadi 120, kolajeni huyeyuka haraka, na kazi ya saa tatu na nusu huisha kwa dakika hamsini au sitini. Yanayopotea ni mawili. Kwanza, mvuke hautoki, kwa hiyo mchuzi haukolei. Punguza maji yawe lita moja na nusu, na ukishafungua, acha uchemke bila kifuniko dakika ishirini. Pili, ukiachia presha kwa ghafla, maji yaliyo ndani ya nyama hutokota kwa fujo na kuikausha tena. Iache ishuke yenyewe. Kwa siku ya kawaida ningetumia presha bila wasiwasi. Kwa wakwe, ningetumia sufuria, kwa sababu harufu inayojaza nyumba kwa saa tatu ni sehemu ya mapokezi.

Kuhusu chungu, naomba unisikilize kwa makini kuliko sehemu nyingine yoyote ya jibu hili. Vyungu vingi vya jadi vya Meksiko hupakwa rangi ya kung'aa ambayo, kwa karne nyingi, imetengenezwa kwa madini ya risasi, na kwa kuwa huchomwa kwa joto la chini, risasi hiyo haishikamani sawasawa. Chakula chenye siki na nyanya kikikaa motoni kwa saa tatu ndani ya chungu cha namna hiyo, huinyonya risasi ikaingia kwenye mchuzi bila rangi, bila harufu wala ladha ya kukuonya. Hatari kubwa zaidi iko kwa watoto wadogo, ambao ubongo wao bado unakua, na kwa wajawazito. Kukiosha au kukichemsha hakuondoi, na vile vijiti vya kupimia nyumbani haviaminiki vya kutosha kuhatarisha mtoto. Sisemi kwamba chungu cha jirani yako kina risasi. Ninasema kwamba kwa macho hakuna awezaye kujua. Kiweke mezani kama pambo, maana ni kizuri, na upikie kwenye sufuria ya chuma cha pua au ya chuma kilichopakwa enameli. Utamu utakaokosa ni mdogo mno kuliko jirani anavyodhani. Na ikiwa tayari mmekuwa mkipikia humo, hata kwa wiki chache, mpeleke mjukuu kwa daktari wake umwombe kipimo cha damu cha madini ya risasi. Usisubiri dalili, kwa sababu mara nyingi hazionekani mapema. Mama yake akiwa mjamzito, naye apimwe.

Kupika siku moja kabla ni wazo zuri, kwa kuwa birria iliyolala huwa na ladha iliyotulia na mafuta yake hukusanyika juu ukayatoa kwa kijiko. Kuiacha sufuria jikoni usiku kucha ndiko nisikokubaliana nako, ingawa najua wengi wetu tumelelewa hivyo, na mama zetu waliuchemsha tena mchuzi asubuhi tukala. Kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemka, na sufuria kubwa ya nyama inayopoa polepole ni shamba lao hasa. Wengine huacha sumu ambayo moto wa asubuhi hauiondoi. Ndani ya saa mbili baada ya kuzima, gawa mchuzi na nyama kwenye vyombo vipana visivyo na kina kirefu uviingize kwenye friji, na kesho yake upashe mpaka uchemke kweli. Mtu akipata kuhara damu, homa kali au akashindwa kuzuia maji tumboni baada ya kula chochote kilicholala nje, huyo ni wa hospitali, na mtoto wa miaka miwili apelekwe mapema zaidi ya mtu mzima.

Yale mafuta mekundu utakayoyatoa juu usiyamwage. Pasha tortilla za mahindi, yaani mikate bapa ya Kimeksiko, kwenye kikaango ukizipaka kidogo mafuta hayo, na hapo wageni wako watatabasamu. Mchuzi, ambao wao huuita consomé, unawekwa kwenye bakuli lake, na pembeni unaweka kitunguu kilichokatwa vidogo, dhania na vipande vya ndimu, kila mtu ajikolezee. Chapati zitaliwa kwa adabu, lakini tafadhali nunua tortilla.

Limebaki la mbuzi. Ni kweli kwamba Jalisco ndiko birria ilikozaliwa, na kwamba nyama yake ya asili ni mbuzi, mnyama aliyeletwa na Wahispania katika karne ya 16. Hadi leo ndiyo inayopikwa kwenye harusi na ubatizo. Lakini ng'ombe si kitu cha kubuni cha ughaibuni. Upande wa kaskazini, hasa Tijuana, birria ya ng'ombe ina wapenzi wengi, na ndiyo iliyosambaa Marekani nzima miaka ya karibuni. Watu wa Jalisco huwa na maneno yao kuhusu hilo, kama watu wa Mombasa walivyo na maneno yao kuhusu pilau ya bara, nao huyasema huku wakiongezewa bakuli la pili. Wakikuuliza, waambie wazi kwamba ni birria de res, yaani birria ya ng'ombe, na kwamba mbuzi amekataliwa na mtoto. Baba mkwe akiwa mtu wa utani, atamgeukia mjukuu na kuanzia hapo.